Kisanduku Alichokosea Kirsty

Kirsty Drewery aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake. Alimpa mama yake dawa, kisha akamtengenezea chai ya maziwa na mkate wa siagi. Mama yake, Lorraine, alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Hata ngazi za nyumba yake mwenyewe zilikuwa zinamshinda.

"Nenda mwanangu, utachelewa," mama alisema huku akihema. "Na ufunge koti. Upepo wa leo unakata."

Kirsty alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alipakia samaki katika kiwanda kimoja hapo Grimsby. Kazi yenyewe hakuichukia. Alichokichukia ni kituo cha basi kilichokuwa mbele ya nyumba yao. Kila asubuhi Paige Mumby alisimama pale, begi la vitabu begani, akingoja basi la kuvuka daraja kwenda chuo kikuu.

Paige! Paige yule yule aliyenakili kazi za historia za Kirsty tangu kidato cha kwanza. Paige aliyekuwa haji shule bila kuuliza, "Kirsty, umeandika nini?" Leo ndiye mwanachuo, na Kirsty ananuka samaki.

"Hujambo Kirsty!" Paige alimpungia mkono.

Kirsty alijifanya anatafuta funguo. Roho ilimuuma, na tuseme ukweli, ulikuwa wivu mtupu.

Kiwandani, wakati wa mapumziko, wanawake walikaa wakinywa chai. Tegan, msichana aliyeanza kazi mwezi ule, akasema, "Jamani, Paige wa mtaani kwenu ati anasoma historia chuo kikuu."

"Chuo kikuu gani?" Kirsty akabetua midomo. "Mtihani wa mwisho alipata D mbili na E. Wamemtia katika kitu kinaitwa mwaka wa msingi. Hicho ni chuo cha wajinga! Wanafundishwa kushika kalamu."

Wanawake walicheka mpaka chai ikawapalia. Kirsty naye alicheka. Utamu wa maneno yale ulimkaa kinywani mpaka saa sita, kisha ukaisha. Lakini jina likabaki. Kila aliyemtaja Paige alisema, "Yule wa chuo cha wajinga."

Jumamosi Kirsty alikwenda maktaba kurudisha riwaya aliyoazima mama yake. Bi Hilary, mkutubi, alimfahamu tangu akiwa mdogo.

"Kile kitabu cha wanawake wa bandari kimerudi?" Kirsty aliuliza.

"Kimeazimwa tena. Amekichukua Paige."

Hapo Kirsty akashindwa kujizuia. "Paige! Kila kitu Paige! Bi Hilary, mimi ndiye niliyemfundisha historia. Mimi nilipata C, D na E, nikakataliwa. Na wiki ile ya mtihani nililala kwenye kiti hospitalini, mama akipumulia mashine. Yeye ana nini nisicho nacho?"

"Ana fomu aliyoijaza," Bi Hilary alisema. "Wewe tangu ukataliwe umejaza ngapi?"

Kirsty akaiweka riwaya juu ya meza.

"Vuta kiti mwanangu. Mwaka wa msingi unaujua ni kitu gani?"

"Wa waliofeli."

"Nani kakwambia?"

Kirsty hakusema kwamba maneno hayo aliyatunga mwenyewe.

"Ni mwaka mmoja kabla ya shahada," Bi Hilary alieleza. "Unafundishwa kusoma vitabu vigumu, kuandika insha na kutetea hoja yako. Ukifaulu, unaingia mwaka wa kwanza wa shahada pale pale. Historia, fasihi, falsafa, utakayoichagua. Huombi upya."

"Na alama zangu?"

"Wanaziangalia, lakini pamoja na maisha yako. Njia hii imewekwa kwa watu ambao maisha yaliwazuia kuonyesha uwezo wao. Waliosoma huku wakiuguza mzazi. Waliolelewa na serikali. Waliokula chakula cha bure shuleni kwa sababu nyumbani hali ilikuwa ngumu."

"Ada je?"

"Vyuo havifanani. Vingine vinakulipia mwaka huo. Hiki cha ng'ambo ya daraja unachukua mkopo wa serikali, na unaanza kuulipa ukishapata mshahara wa kutosha. Siku zote uliza kabla ya kusaini. Maombi yanafungwa Ijumaa."

Siku nne Kirsty aliandika kila alipotoka kazini. Fomu ilitaka insha fupi. Akaandika juu ya kulabu ya chuma iliyobaki kwenye ukuta wa uani kwao. Bibi mzaa bibi yake alifunga nyavu kwenye kulabu ile akizisuka, mtoto miguuni, sufuria jikoni. Kirsty aliuliza: mbona vitabu vinawataja wanaume wa meli, na mikono iliyosuka nyavu haitajwi? Hakuwahi kuandika kitu kwa raha namna ile.

Alhamisi jioni alimpelekea Bi Hilary. Mkutubi alisoma insha akatabasamu. Kisha akageuza ukurasa wa fomu, na tabasamu likaisha.

"Kirsty," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa kwenye maswali, kisanduku cha chakula cha bure umeweka hapana. Cha kuuguza mtu nyumbani, hapana. Mama amepona?"

Masikio ya Kirsty yakawaka moto. Watu wa mtaa wao hawamwelezi shida zao mtu mwenye kalamu mkononi. Ndivyo alivyolelewa.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," alisema. "Nikiyaandika wataona naomba huruma."

"Usipoyaandika wataona C, D na E peke yake. Watajuaje kwamba hii njia ni yako? Lakini siwezi kukujazia. Mkono ni wako."

"Basi iende hivyo hivyo."

"Mwongo we!" sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Paige, na kile kitabu cha wanawake wa bandari kifuani. Kirsty alitamani sakafu immeze.

"Mimi niliweka ndiyo," Paige alisema. "Tulipanga foleni moja ya chakula cha bure, Kirsty. Ulikuwa unangoja watu wapungue ndipo uchukue sinia. Unadhani sikukuona? Nilikuwa nyuma yako."

Kirsty aliinamia fomu yake.

"Na hicho chuo cha wajinga nimekisikia. Mama yangu alirudi nacho kutoka dukani. Alilia."

"Nilikuonea wivu," Kirsty alisema polepole.

"Hilo najua. Umeacha?"

"Bado. Hata hilo koti lako linaniuma."

Paige alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. "Shika kalamu, wewe. Mwaka mzima nimekosa mtu wa kunakili kwake."

Kirsty alifuta hapana ya kwanza. Akafuta ya pili. Akaandika ndiyo mbili, zikasomeka vizuri. Fomu ilikwenda usiku ule ule.

Baada ya wiki sita aliitwa kwenye usaili. Walimu wawili walimuuliza habari za kulabu kwa nusu saa nzima, wakabishana naye, naye akabishana nao. Hakuna aliyemwonea huruma. Mwezi uliofuata akapata nafasi.

Bi Hilary alimwelekeza halmashauri ya mji, na mtu wa huduma akaanza kuja asubuhi kumhudumia mama. Kirsty akapunguza kazi, akabaki na zamu za Jumamosi tu. Mwaka wa msingi ulikuwa mgumu. Insha ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Ya tano ilisifiwa mbele ya darasa. Mwezi wa sita alifaulu, akaingia shahada ya historia. Paige alikuwa mbele yake kwa mwaka mmoja. Hilo lilimuuma kidogo, na alimwambia hivyo hivyo.

Jumamosi moja kiwandani, wakati wa chai, Tegan alimtazama Kirsty akisoma, akabetua midomo.

"Mnamwona? Si ndiye wa chuo cha wajinga huyo?"

Wanawake wakacheka. Kirsty aliinua macho. Aliifahamu midomo ile vizuri, maana zamani ilikuwa yake. Akachukua kalamu nene ya kuandikia maboksi, akachana kipande cha boksi, akaandika jina la Bi Hilary na saa za maktaba.

"Ndiyo, ni mimi," alisema, akamsukumia kile kipande. "Na shuleni ulikuwa unakula chakula cha bure, sivyo?"

Tegan akageuka mwekundu. "Nani kakwambia? Hapana!"

"Haya. Ukifika kwenye kisanduku cha swali hilo," Kirsty alisema, "usiandike hivyo."