Shanga za Kiuno cha Nyigu

— Marthe, dada yangu, simamisha cherehani. Mumeo kaja kwangu kuagiza shanga za kiuno.

Marthe, fundi nguo wa Jules Street, Johannesburg, akaachia kanyagio.

— Théodore? Zangu?

Orpha, muuza shanga wa kibanda cha pili, akatoa uzi mwekundu.

— Kaniachia kipimo hiki. Jizungushie mwenyewe.

Marthe akajizungushia. Ncha hazikukutana, zilitazamana kwa mbali kama wakwe waliogombana.

— Eish! Hiki ni kiuno cha nyigu!

— Ndiyo maana nimekuja mbio. Mwanamume haagizi shanga za kiuno asichokijua.

Marthe akakumbuka dawa aliyoiona kwenye filamu. Juma lililopita yeye na Théodore walitazama filamu ya Kiitaliano, ile ya kufunga mapazia kwanza. Mke wa mwoka mikate, aliposalitiwa, alijipulizia manukato akatoka bila kuaga, mume akabaki akiungua kuliko mikate yake. Marthe alicheka hadi farasi wa uwanja wa mashindano wa Turffontein wakaanza mbio kabla ya kufunguliwa. Kisha akaona mkufu kiunoni mwa yule mama, akaguna: “Shanga zangu mie zilibaki kwetu Uvira.”

Jumamosi mchana akavaa gauni jekundu lililombana panapostahili.

— Unaenda wapi, chérie?

— Natoka.

— Na nani?

— Na mtu anayekijua kiuno changu.

Théodore, mlinzi aliyewahi kufukuza wezi watatu kwa kukohoa tu, akakalia kofia yake ya kazi.

Marthe alikwenda kujificha kwa Orpha, nyuma ya pazia la kitenge, na soda baridi mkononi. Simu ikaanza kutetemeka.

“Uko wapi?”

“Pazuri.”

“Huyo mtu yukoje?”

“Mrefu.”

“Marthe, nakuomba. Ananishinda nini?”

Marthe akaigeuza simu kifudifudi, akaiweka soda chini. Je, kama kweli yuko mwenye kiuno kile?

Ghafla sauti ikapasuka mlangoni.

— Orpha! Nipe zile shanga upesi, mke wangu ananiponyoka!

Pazia likafunguka.

— Mke yupi, Théo? Mimi au nyigu?

Théodore alikuwa na kiatu mguu mmoja, ndala mguu wa pili.

— Marthe! Nyigu gani?

— Mwenye uzi huu. Sema, Orpha asikie. Ulimpima nani?

— Gauni lako la harusi! Lile la kabatini. Ningekupima wewe, ungeniuliza maswali kama afisa wa uhamiaji. Ulipoguna juu ya shanga za Uvira, nikaona haya. Mume gani mimi?

Orpha akaangua kicheko hadi shanga zikamwagika.

— Kapima gauni! Na mwenye gauni analala naye kila siku!

Marthe akauma mdomo. Lile gauni alilivaa kabla hajazoea pap, ugali wa Johannesburg.

— Na yule mrefu? aliuliza Théodore.

— Nguzo ya umeme hapo nje. Nimeichungulia tangu nifike.

Théodore akashusha pumzi, mapazia ya mtaa mzima yakapepea. Kisha, kwa kuwa wanaume hawajui kunyamaza wakisamehewa, akapokea zile shanga alizoagiza, akasema:

— Basi chukua hizi, chérie. Utapungua taratibu…

Marthe akaweka mikono kiunoni, kiuno chote, hadi mwisho wake.

— Théo, mimi sipungui. Ongeza shanga.

— Sharp. Naongeza.

Akashika uzi mpya, akamzungushia mwenyewe polepole. Akakosea makusudi, akarudia, akakosea tena. Orpha akageukia barabarani, akisema anatazama robot, taa za kuongozea magari, zinavyobadilika rangi, ingawa mtaa mzima wa Malvern haukuwa na umeme saa hiyo.