Njia ya Maji Kwenda kwa Dada

Kila asubuhi mshona nguo alifungua dirisha, akaketi kwenye cherehani yake na kuutazama mto. Mto ulipita nyuma ya nyumba, ukitoka msituni. Huko juu, mahali mito miwili inapokutana, aliishi dada yake mkubwa, mfuga nyuki. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea. Sasa magoti yake yalikuwa mabovu, hawezi tena safari. Barabara haikufika kwake, na simu haikushika.

Siku moja mnunuzi wa asali alileta salamu.

"Dada yako anasema, kama unakuja, njoo kabla maji hayajapungua. Yakipungua mtumbwi haupiti mpaka mwaka ujao. Na kwa afya yake, anasema mwaka ujao ni mbali."

Mshona nguo akashona kola upande usio wake. Akafumua, akakosea tena. Hamu ya mtu wako ni maradhi, na dawa yake haiuzwi dukani.

"Jumamosi tunakwenda," alisema mumewe. Huyu ni seremala, mtu wa kujiamini sana. Akikosea kipimo, hulaumu mbao. "Mtumbwi nimeuchonga mwenyewe. Ramani ninayo kwenye simu. Una wasiwasi gani?"

Jumamosi wakaenda. Baada ya kona chache tu, mtandao ulikatika. Picha ya ramani ikatoweka. Ukabaki mshale tu, unaoelekea kwa dada.

"Tuufuate mshale," seremala alisema.

Mshale ulielekea kulia, wakaingia mkondo wa kulia. Matete yakawabana mpaka kafi hazikuweza kugeuka. Mbele hapakuwa na njia. Kisha simu ikaisha chaji. Ikabidi warudi nyumbani, na mshona nguo alilia njia nzima.

"Pengine amesimama ukingoni sasa hivi," alisema. "Ananisubiri, nami nampa mgongo."

Seremala hakulaumu mbao siku hiyo.

Kesho yake jirani yao alikuja kuchukua gauni. Yeye hufanya kazi ya kupima mito, na watu humwita Mpimaji. Aliona macho mekundu ya mshona nguo, akauliza. Wakamweleza yote.

"Shemeji," Mpimaji alimwambia seremala, "mshale huo huonyesha upande tu. Unakwenda moja kwa moja kama ndege. Wewe una mabawa?"

"Basi tutabeba ile ramani yangu ya ukutani."

"Ile ni ya nchi nzima! Mto wenu hapo ni mwembamba kama unywele. Ngoja."

Alikwenda kwake, akarudi na ramani kubwa. Akaitandaza juu ya meza ya kukatia nguo.

"Hii inaonyesha eneo dogo, kwa hiyo kila kitu ni kikubwa. Sentimita moja hapa ni nusu kilomita mtoni. Mnaona visiwa? Mnaona mikondo iliyoziba? Alama hizi ni maji ya kasi. Mkifika hapo, shukeni mbebe mtumbwi. Tena angalieni mwaka ramani ilipochapishwa, maana mito huhama."

Mshona nguo alichukua futi yake, akapima kutoka nyumbani hadi kwa dada.

"Mbona ni karibu?"

"Umepima kama mshale wa simu," Mpimaji alicheka.

Mshona nguo akafikiri kidogo. Akachomoa uzi, akaulaza juu ya mto, kona baada ya kona. Kisha akaunyoosha kwenye futi. Ulikuwa karibu mara mbili.

"Kumbe! Chakula tulichobeba kisingetosha."

Mpimaji akatoa kifaa kidogo mfukoni. "Hii ni GPS. Haihitaji mtandao, inapokea ishara za setilaiti. Haiharibiwi na maji, na betri zake hubadilishwa. Bebeni za akiba. Nitawaazima. Simu nayo inafaa, ila ramani ipakuliwe kabla hamjaondoka."

"Sasa karatasi ya nini?" seremala aliuliza.

"GPS inakuambia ulipo. Ramani inakuonyesha kilichoko mbele. Na karatasi haiishi chaji. Itieni kwenye mfuko wa plastiki, na mniachie mimi habari za njia yenu na siku ya kurudi."

"Damu ni nzito kuliko maji," seremala alisema, akijikuna kichwa, "lakini maji haya nayo si mepesi."

Walifanya mazoezi karibu na nyumbani mpaka wakazoea. Kisha wakaondoka, maji yakiwa yameanza kushuka. Katika kila njia panda ya mto walisimama, wakasoma GPS, wakatafuta mahali hapo kwenye ramani, ndipo wakapiga kafi. Penye maji ya kasi walibeba mtumbwi begani.

Siku ya pili waliona mito miwili ikikutana. Mwanamke alikuwa ukingoni, ameegemea fimbo.

"Umekonda," dada alisema. Mshona nguo alimkumbatia, akaona jinsi alivyokuwa mwepesi, akamshika polepole.

Walikaa naye siku kadhaa. Siku ya kuondoka, mshona nguo alitia alama ya mahali hapo kwenye GPS. Kifaa kikadai jina.

"Andika 'Kwa dada'," mumewe alisema.

Yeye akaandika: Nyumbani.

"Na kule kwetu je?"

"Kule pia ni nyumbani, Baba Watoto. Lakini kule siwezi kupotea."