Kifurushi cha Mama Wanyonyi

Kila Jumamosi asubuhi Aluoch alifagia ngazi za ploti yao, jengo la vyumba vya kupanga mtaani Baba Dogo, kisha akafanya hesabu za shule. Jumamosi hii hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Mama Wanyonyi, msusi wa ghorofa ya chini, akisukwa, nywele zikivutwa hadi nyusi zikapanda.

Kesho yake kaka yake, Willis, angepanda ndege kwenda kusomea uhandisi ng'ambo. Sasa, katika ploti ile mtu hasafiri na mzigo wake peke yake. Kila jirani mwenye jamaa huko huleta kifurushi, na kukataa ni kama kumtukana. Lakini Baba alikuwa amewakatalia wote. Begi lilitakiwa kuwa kilo ishirini na tatu, basi. Alikuwa ameazima mizani ya ndoano kwa muuza vyuma vikuukuu, akalining'iniza begi mlangoni, likagonga ishirini na tatu kamili. Phares, rafiki wa Willis, ndiye aliyelipanga, kitu baada ya kitu.

Mama Wanyonyi alipokataliwa na baba, akamjia mtoto.

"Ni unga wa wimbi tu na samaki wakavu kidogo, mrembo," alisema huku akimalizia msuko wa mwisho. "Mwanangu hajaonja samaki wa nyumbani miaka mitatu. Wewe mwekee kaka yako chini ya nguo. Na hizi nywele usinilipe."

Alasiri, wengine walipokwenda kanisani kumwombea Willis, Aluoch alifungua begi. Kifurushi kiliingia, lakini zipu ikagoma. Juu ya nguo kulikuwa na bahasha pana, ngumu, isiyokunjika. Ndani yake mlikuwa na picha ya mapafu ya Willis iliyopigwa hospitalini. Aluoch aliwaza: si daktari alishasema ni mzima? Nani atake kuona mbavu za mtu aliyesimama mbele yake? Akaitupa bahasha juu ya kabati. Zipu ikafunga.

Jumapili saa sita mchana, uwanja wa ndege, mizani ilionyesha ishirini na saba.

Karani hata hakuinua macho. Aliwaambia watoe kilo nne au wawapishe wenzao. Basi wakapiga magoti sakafuni, wakamwaga maisha ya Willis mbele za watu: soksi, chupi, sufuria ndogo. Kifurushi kilipasuka, harufu ya samaki ikatapakaa, na wale wenye masanduku ya kung'aa wakaziba pua. Baba, aliyevuta moshi wa kiwanda miaka kumi na tisa ili siku hii ifike, aliwatazama mmoja mmoja hadi wakageuka.

Willis alipapasa begi. Akapapasa tena.

"Picha ya mapafu iko wapi?"

Wakubwa wote walijua barua ya chuo ilivyosema. Mwanafunzi asiye na picha hiyo hangepokewa, angerudishwa. Na dirisha la mizigo lilibakiza saa moja na nusu kufungwa.

Hasira ya Baba ikamwangukia Phares. Ni nani aliyelipanga begi? Ni nani aliyeazima ngazi ya Baba mwaka ule, akaipoteza, akasema imeibiwa? Alisema kuna marafiki wasiopenda kuona mwenzao akiondoka.

"Mzee, niliiweka juu ya nguo," Phares alijibu kwa sauti ya chini. "Niliiweka kwa mkono wangu."

Phares alikuwa ameacha zamu yake kiwandani ili aje kubeba begi lile begani. Sasa alikuwa akitazama viatu vyake. Aluoch alingoja ajitetee zaidi. Akangoja Baba achoke. Baba hakuchoka, na kila neno alilotupiwa Phares lilikuwa kama mkono unaovuta ile misuko mipya kichwani mwake. Dakika ishirini zilipita.

"Baba, mwache," alisema hatimaye. "Ni mimi. Iko juu ya kabati. Nilitoa ili kifurushi kiingie."

Baba akampigia simu Mama aliyebaki nyumbani. Bahasha ikapatikana, ikapewa mtu wa bodaboda. Na aliyekimbia juani hadi kwenye kizuizi cha nje kumpokea alikuwa nani? Phares yuleyule. Alirudi akihema, bahasha kaikumbatia kifuani. Karani alikuwa anakusanya karatasi zake. Willis akapita.

Hapo Baba alimgeukia Phares. "Nimekutukana mbele za watu. Nakuomba msamaha mbele za watu haohao."

Aluoch alipakata kifurushi kile kinachonuka hadi nyumbani. Baba akamsimamisha mlangoni kwa Mama Wanyonyi, amrudishie na kusema yote.

"Kwani kilo nne ni nini?" Mama Wanyonyi alifoka. "Ujirani umekwisha?"

"Ungenililia mimi, tungegombana tu," Baba alimjibu. "Ukapitia kwa mtoto, ukamlipa kwa nywele. Huo si ujirani."

Mama Wanyonyi alikipokea kifurushi. Baba akainama hadi uso wake ukawa sawa na wa Aluoch.

"Mwaka nilioitwa chuoni, barua yangu ililala kwenye droo ya karani hadi masomo yakaanza. Alijua. Aliniona nikilia mlangoni, akanyamaza. Sijalisahau jina lake. Leo, kwa dakika ishirini, ulikuwa yule karani. Kuitoa bahasha lilikuwa kosa la kitoto. Kunyamaza huku Phares akichomwa kwa ajili yako, hilo ndilo lililonikasirisha. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, kabla mwingine hajalipia. Na nywele hizi utazilipia. Jumamosi tatu utamfagilia Mama Wanyonyi."

Jumanne ujumbe wa Willis uliingia: amefika, na walipomsimamisha chuoni, kitu cha kwanza walichotaka kilikuwa ile picha. Baba hakutabasamu. Alimpa Aluoch simu.

"Mpelekee Phares," alisema. "Umsomee wewe mwenyewe."