Swali la Meza ya Nyuma

Kila jioni saluni ya mama yake Kidomo ilifurika. Wengine walikuja kusukwa, wengine walikuja kusikia nani kafanya nini, na mama hakumfukuza mtu, mradi asikalie kiti cha mteja. Kidomo, mwanafunzi wa miaka kumi na miwili, alichambua nywele za kusukia huku akichangia kila mazungumzo. Jioni moja alikuwa kimya mpaka mama akamgusa paji la uso, akidhani ana homa.

Ndipo akasema. Mwalimu wa hesabu alikuwa amewapanga upya. Meza ya mbele aliiita Chuo Kikuu, ya nyuma Kazi za Mikono. Wa mbele walipewa maswali magumu, wa nyuma walitumwa maji. Ijumaa, meza ya mbele peke yake ingetembelea chuo kikuu cha mjini. Kidomo aliwekwa nyuma. Mtoto wa msusi, mwalimu alisema, vidole vyake ni vya kusuka.

Saluni ikachemka. Mke wa mwenye bucha, kichwa nusu kimesukwa, alimtetea mwalimu: jamii ni kama mwili, kila kiungo na kazi yake, na chuo kikuu ni chekeche la kuwapata madaktari na wahandisi. Wote wakipita, nani atamsuka yeye? Mama akamkumbusha kwamba nusu ya kichwa chake bado imo mikononi mwa msusi, achunge ulimi. Fundi cherehani aliyekaa mlangoni akaguna. Chekeche lina wenyewe, alisema, na wenyewe huwapitisha wana wao kwanza.

Dada yake Kidomo, aliyekuwa akisoma elimu ya jamii katika chuo hichohicho, alicheka. Alisema wataalamu wake nao hubishana vivyo hivyo: wapo wanaouliza elimu inaisaidiaje jamii isimame, na wapo wanaouliza inamnufaisha nani. Kundi la tatu hutazama tu watu wanavyoitana na kutendeana kila siku.

"Mwite mtoto mjinga kila asubuhi, mnyime swali gumu, kisha mpime," alisema. "Atakujibu vile ulivyomzoesha."

"Sasa dada, nani kasema kweli?"

"Kila mmoja kaona upande wake. Wewe umeona nini, mdogo wangu?"

Kidomo akafikiri. "Nimeona sijawahi kupewa swali."

Asubuhi mwalimu alipomwonyesha ndoo, Kidomo hakuinuka.

"Maji nitachota, mwalimu, zamu yangu ikifika. Na wa mbele wachote ikifika yao. Leo naomba swali."

"Utaliweza?"

"Sijui, mwalimu. Na wewe hujui, maana hujawahi kunipa."

Mwalimu alimtazama kwa ukali, akaandika swali la sehemu ubaoni na kumpa chaki. Kidomo alikosea. Mvulana wa mbele, ambaye mwalimu humwita Profesa, akamwambia arudi kwenye vitana vyake. Hakurudi. Alifuta, akaomba aonyeshwe njia kama walivyoonyeshwa wa mbele. Mwalimu akamwonyesha, shingo upande. La pili alilikosea mwishoni. La tatu akalipata, na kabla hajaketi, jirani yake wa meza ya nyuma alikuwa amesimama kuomba chaki. Baada yake mwingine, na mwingine, hadi kengele ikalia.

Mwalimu alibaki akiutazama ubao. Kisha akasema amewapa majina kabla ya kuwapa kazi, na kwamba hilo ni kosa lake. Meza zikachanganywa, zamu za maji zikawa za wote, na Ijumaa darasa zima likaenda chuoni.

Saluni ilipomshangilia Kidomo kwa kumgomea mwalimu, mama aliwanyamazisha.

"Kugoma hata punda anagoma," alisema. "Mwanangu, wewe uligoma, kisha ukakosea mbele ya watu na bado ukarudia. Mtu akikuchagulia pa kukaa, mkatalie kwa adabu. Halafu fanya kazi mpaka aone haya kukurudisha."