Jiwe la Lango la Lukulu

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Mara tatu. Kimya. Kisha mara moja.

Metrine akafumbua macho.

Nje ilikuwa saa mbili asubuhi, jua limeshapamba moto. Lakini chumba chao cha mtaa wa Discovery Gardens, ughaibuni kwenye nchi ya Waarabu, kilifungwa mapazia mazito, maana wengi humo walikuwa walinzi wa zamu ya usiku. Aliyegonga kikombe alikuwa Annah. Kwa wenzao chumbani alikuwa mpishi wa hoteli. Kwa Metrine, alikuwa sauti ya Idara ya upelelezi ya nyumbani.

"Jiwe limefika," Annah alinong'ona. "Godauni namba tisa, nyuma ya gati la Deira. Saa nne linakwenda kusagwa."

Metrine alikuwa ameshafunga kamba za buti.

Ndani ya teksi alipachika kipaza sauti, kidogo kama punje ya maharagwe, chini ya kola ya sare yake ya ulinzi wa hoteli, na kingine cha kusikilizia sikioni.

Kasri la Lukulu alilifahamu tangu utoto. Mlowezi mmoja alilijenga kilimani, mashambani Trans Nzoia, likabomolewa mwaka 1974. Wanakijiji walibeba mabaki. Ngazi zikawa za kanisa. Mnara mmoja ukawa ukuta wa zahanati. Kilimani likabaki tangi la maji na ukuta wanaoegemea mbuzi.

Na jiwe la juu ya lango. Kabla ya kuondoka, mlowezi alichonga humo majina ya familia arobaini na moja alizozirudishia ardhi. La kumi na saba ni la babu yake Metrine.

Sasa kampuni moja ilidai kilima chote. Mahakama ilitaka kuliona jiwe lenyewe moja kwa moja, si picha za zamani. Mwezi uliopita likaibwa, likafichwa kwenye shehena ya ng'ambo. Hukumu ilikuwa leo.

Likisagwa, mama yake na binti yake wangehamishwa.

Fairuz, karani wa shehena kutoka Mombasa, alimfungulia mlango wa nyuma. Alimwambia ana dakika sita tu, na arbab, bosi wa godauni, akirudi, wao hawajuani.

Metrine akaingia. Akasimama.

Mawe sitini. Yote yamepakwa saruji mpya. Yote yanafanana.

"Ni lipi?" Annah aliuliza sikioni. "Maafisa wa forodha wako nje. Kibali chao ni cha jiwe moja tu. Ukikosea, khalas, imekwisha."

Dakika tano.

Metrine aliizima tochi yake ya Fenix. Macho yasingemsaidia. Akaanza kupapasa kingo za nyuma, jiwe baada ya jiwe. Miaka yote, wanaume wa Lukulu walinolea mapanga yao kwenye jiwe lile. Ukingo wa nyuma tu. Upande wa majina haukuguswa na chuma.

Ishirini. Kavu, kali. Thelathini. Kali.

Thelathini na nne.

Kiganja chake kikatumbukia kwenye bonde, laini kama shavu la mtoto.

"Metrine wa Lukulu."

Taa zikawaka. Ronny, mpima ardhi wa kampuni ile, alisimama mlangoni na Glock mkononi.

"Umekuja mbali hivyo kunisalimia?" alisema. "Rudi hotelini ukawafungulie watu milango, madam."

"Ulikipima kilima chote, Ronny. Hukuuliza watu wananolea wapi mapanga."

Macho ya Ronny yakashuka kwenye jiwe. Nukta moja tu.

Ilitosha.

Buti la Metrine likasukuma toroli la chuma. Likampiga Ronny kwenye muundi, akaanguka. Bastola ikalia, risasi ikatoboa bati la paa. Alipoinua kichwa kutoka sakafuni, Glock ilikuwa imebadilisha mkono.

"Thelathini na nne," Metrine aliiambia kola yake.

Maafisa wakaingia. Mmoja akagonga saruji kwa patasi, ikabanduka vipande vipande. Fairuz alishika simu ya Samsung, na kule mahakamani Kitale wakili akasoma majina kwenye skrini, moja moja, polepole. Akafika la arobaini na moja.

Kesi ya kampuni ikatupwa.

Ronny alipitishwa na pingu. Metrine hakugeuka. Alikunja mikono ya sare, akavuka barabara kutafuta basi la Al Barsha. Zamu yake ilianza saa saba.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama, kesho tunapanda mahindi."