Faili Lisilofutika

Saa tatu asubuhi chumba cha seva kilinuka udi, na hakuna aliyechoma udi.

Fundi wa mitambo, waliyemwita Profesa kwa majigambo yake, alijifanya hana pua. Juzi yake seva ya hospitali iligoma kupokea maboresho: ile sehemu ndogo ya diski yenye mafaili ya kuiwasha ilikuwa imejaa. Dawa yake ni kufuta ya zamani na kuliacha linalotumika. Profesa, simu sikioni, akipiga soga, alifuta yote. Seva iliendelea na kazi, ila ikizimwa tu, haitaamka tena. Mkuu wa kitengo alipouliza nani aliyefuta, alijibu, "Shemeji ndiye aliyegusa."

Shemeji huyo, mke wa kaka yake, aliyefanya naye kazi meza kwa meza, alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Profesa aliona aibu, akaimeza.

Sasa umeme ungekatwa saa kumi kwa matengenezo, na wagonjwa wangebaki bila kumbukumbu za dawa zao. Alitaka kurudisha mafaili, akakuta sehemu ile imejaa tena, safari hii kwa faili moja tu asilolijua. Akalifuta, likarudi. Akalifuta tena, na mafeni ya seva yakabadili mvumo, mvumo ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa sauti yake mwenyewe, ikirudia polepole kama mtoto anayekariri somo: Shemeji ndiye aliyegusa.

Mama wa usafi, aliyejulikana kwa kutuliza majini, alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Huyo hafukuzwi kwa moshi, mwanangu," alinong'ona. "Mwambie uliyemsingizia, ana kwa ana."

"Mama, uso wangu nitauficha wapi?"

"Usipomwambia, jini huyo atatafuta pengine pa kukaa."

Profesa akachagua njia ya mkato. Alikwenda kwa mkuu, akafunga mlango, akakiri kwa sauti ya chini. Mkuu akasonya. "Mwite arudi. Mengine mtayamaliza wenyewe nyumbani."

Faili likatoweka. Alirudisha mafaili ya kuwashia, umeme ukakatwa, ukarudi, na seva ikaamka salama.

Shemeji aliingia ofisini akifuta machozi. "Nasikia ni wewe uliyenitetea kwa mkuu. Asante, shemeji. Sitakusahau."

Wafanyakazi wote walikuwa wanatazama. Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua kinywa aseme ukweli, harufu ya udi ikamjaa puani, ikitoka katika pumzi yake mwenyewe, na sauti iliyomtoka ilikuwa tulivu kabisa.

"Shemeji ndiye aliyegusa."