Pingamizi la Mama Xavery

Ursula, mama yake Xavery, ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, lakini anavyomtunza utadhani ana zizi zima. Ng'ombe huyo anaitwa Malkia. Ursula humkamua asubuhi kabla hata ya kuinjika chai, na jioni humkamua tena. Maziwa huyapeleka mwenyewe kwenye kituo cha kikundi cha wafugaji, hapo hapo kijijini Singe, Babati.

Safari moja Malkia aliugua kiwele. Bwana mifugo akaja, akamchoma sindano.

"Mama Xavery, maziwa haya sasa yana dawa," alisema. "Yamwage mpaka dawa iishe mwilini. Nimeingiza tarehe kwenye simu yako. Itakuambia."

Kwenye simu kulikuwa na programu ya wafugaji. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kusoma jinsi ilivyoandikwa, na kuirekebisha. Ursula aliiamini kabisa. Kwa nini asiiamini? Mwenyekiti wao, Mzee Baltazar, baba yake Leonia, alikuwa ametangaza mkutanoni kwa furaha:

"Jamani, mwongozo mpya wa kuhesabu siku za dawa umepitishwa! Nimeuona kwenye mtandao kwa macho yangu. Tutauita Maziwa Bora!"

Akamwita fundi auweke kwenye simu za wanakikundi wote. Kisha akaandika MAZIWA BORA kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kituo. Mzee Baltazar akipenda jambo, halali usingizi.

Alhamisi alfajiri, simu ya Ursula ikaonyesha neno moja la kijani: RUKSA. Akakamua huku akiimba. Maziwa yake yakamiminwa kwenye tangi pamoja na ya wenzake. Mchana kiwanda kikapima, kikakuta dawa. Tangi zima likamwagwa.

"Mama Xavery, umetuponza!" jirani yake Scholastica alimwambia mbele za watu. "Jasho letu lote limekwenda chini!"

"Simu iliniambia ruksa," Ursula alijibu.

"Usilete maziwa kwanza," alisema Mzee Baltazar. "Jumamosi tutakaa, tuamue kama utabaki kwenye kikundi."

Ursula alirudi nyumbani analia, na wala hakujificha. Nje ya kikundi, maziwa ya Malkia angempelekea nani?

Bwana mifugo aliposikia, alishika kichwa. "Dawa ilikuwa inaisha Alhamisi jioni, siyo asubuhi! Lakini programu ilinikubalia tarehe tu. Haikuniuliza ni mkamuo upi. Nami sikukutamkia. Nisamehe, mama. Nenda Maisaka kwa Coletha. Yeye huandika programu hizi pamoja na watu wa nchi nyingine."

Ursula hakungoja kesho.

"Shikamoo mama," Coletha alimpokea.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja, nimekwama."

Coletha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kompyuta.

"Mama, mwongozo huu haujapitishwa. Ona hapa juu, pameandikwa 'Rasimu'."

"Rasimu ndiyo nini?"

"Ni andiko ambalo bado linajadiliwa. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mwongozo. Unawekwa mtandaoni ili watu wausome na kuukosoa. Halafu waandishi wa programu tofauti wanaujaribu, tuone kama programu zao zinaelewana. Ukifaulu, kamati ya mradi wa programu hii inapiga kura. Mwisho kabisa ndipo unapewa jina na namba ya toleo."

"Kwa hiyo kuwekwa mtandaoni siyo kupitishwa?"

"Hapana, mama."

Ursula akajipiga mapaja kwa viganja. "Kumbe ni kama ndoa! Padri anatangaza majina kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, ili mwenye pingamizi aseme. Sisi tumesikia tangazo, tukakimbilia kupika pilau ya harusi!"

Coletha alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ndivyo hasa. Na tangazo bado linaendelea. Una pingamizi?"

"Ninalo! Ng'ombe anakamuliwa asubuhi na jioni. Tarehe peke yake haitoshi. Waandike na mkamuo."

Coletha akaliandika na kulituma siku ile ile. Majibu yakaanza kuja. Mfugaji mmoja wa nchi ya mbali aliandika kwamba hata yeye jambo hilo lilishamkuta, ila hakujua pa kusemea.

Jumamosi Coletha alifuatana na Ursula mkutanoni, akaeleza yote taratibu. Watu wakamgeukia mwenyekiti. Mzee Baltazar akasimama, kofia mkononi.

"Mama Xavery, mwenye kosa ni mimi. Niliona tangazo, nikasema mwongozo umepita. Hata jina nililibuni mwenyewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Leonia," Ursula alisema. "Ulikuwa unatutakia mema."

Basi Ursula akabaki kikundini. Programu ikarudishwa kwenye mwongozo wa zamani, na kila mfugaji akawa anamuuliza bwana mifugo: mkamuo upi?

Mvua zilikuja, zikaisha. Siku moja Coletha alifika kituoni anahema. Kamati ilikuwa imepiga kura. Mwongozo umepitishwa, pingamizi likiwa ndani yake. Jina la Maziwa Bora lilikataliwa kwa sababu programu nyingine ilikuwa inalitumia, na watu wangezichanganya. Kamati ilichagua Subira, toleo la kwanza.

"Na hapa mwisho wameandika shukrani," alisema Coletha, akasoma: "'Tunamshukuru Ursula, mfugaji wa Babati, aliyetuuliza: asubuhi au jioni?'"

"Rudia," Ursula aliomba.

Coletha akarudia. Mzee Baltazar alikuwa ameshachukua brashi, anafuta ukuta. Lakini safari hii, kabla ya kuandika jina jipya, alimwomba Coletha amwonyeshe neno "Umepitishwa" kwenye skrini.

Haukupita muda mrefu, Subira ikiwa tayari kwenye simu zote, ng'ombe wa Scholastica naye akachomwa sindano. Siku ya mwisho ya dawa, alfajiri, simu yake iliandika kwa rangi nyekundu: SUBIRI MKAMUO WA JIONI. Scholastica akayamwaga ya asubuhi.

Jioni alikuja kituoni na ndoo yake. Ilikuwa zamu ya Ursula kupokea. Akayapima lita, akayamimina kwenye tangi.

Scholastica hakuondoka. Alisimama pale, ndoo tupu mkononi.

"Mama Xavery," alisema, "leo ningelimwagisha tangi zima mimi. Asante. Na yale maneno yangu ya siku ile, nayaondoa."

Ursula akamshika mkono. "Leta ndoo nikusuuzie," alisema.